PPV inakufa Marekani, sisi wa kibanda umiza inatuhusu nini?

Jumapili alfajiri pale Kirumba, Mwanza, kabla hata wachuuzi wa dagaa hawajaanza kugombania mizigo soko la Mwaloni, kuna kibanda kimoja cha mabati ambacho TV yake inakuwa imeshawashwa saa 11. Mlangoni kakaa dada na kindoo cha plastiki cha kuwekea hela, buku unaingia, jero kama umechelewa na mapambano ya utangulizi yameshaisha. Ndani mabenchi yamejaa vijana wa boda waliotoka kukesha, wavuvi wawili watatu waliofika na mzigo usiku, na mzee mmoja fundi cherehani ambaye sijawahi kumuona akikosa pambano. Wiki hiyo kijana mmoja akaniuliza kwa sauti, "Kaka, eti UFC siku hizi imekuwa bure, PPV wameifuta?"

UFC ni ile ligi ya Marekani ya mapigano mchanganyiko, ngumi, mateke na mieleka humo humo. Basi kibanda kizima kikaingilia. Huyu anasema Waarabu wameinunua, yule anasema ni Netflix, mwingine anasema hakuna cha bure duniani. Nikagundua kila mmoja ana kipande cha ukweli ila hakuna mwenye habari nzima, na ni habari inayotugusa kuliko tunavyodhani, kwahiyo naomba niieleze taratibu.

Tuanze na PPV yenyewe, kirefu chake pay-per-view, yaani kulipia kila pambano. Una king'amuzi chako, umelipia kifurushi cha mwezi, lakini likija pambano kubwa linafungiwa kufuli lake, unalipa tena hela ya pambano hilo peke yake ndo linafunguka. Likiisha limeisha, mwezi ujao unalipa jingine. Ukiangalia vizuri ni kile kile kindoo cha yule dada wa mlangoni. Na hata historia yake imeanzia kwenye vibanda, maana Muhammad Ali na Joe Frazier walipopigana New York Machi 1971, kila mmoja akilipwa dola milioni 2.5, watu wengi hawakuliona pambano nyumbani, walikata tiketi wakaingia kwenye kumbi za sinema ambako picha ililetwa laivu kwa waya. Wazo lenyewe ni la kibanda umiza kabisa.

Alafu ikaja Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Ali na George Foreman, dola milioni 5 kila mmoja, hela ambayo serikali ya Mobutu ndo ilisimama nyuma yake. Pambano lilianza kama saa 10 alfajiri. Jiulize kwanini watu wa Kinshasa waamshwe usiku ule kuangalia ngumi zinazopigwa mjini kwao wenyewe. Jibu ni kwamba wenye tiketi walikuwa wamekaa kwenye kumbi za Marekani ambako ulikuwa bado usiku wa mapema wa tarehe 29. Ulingo uko Afrika, mashabiki wako Afrika, ila saa kaipanga anayelipa. Hili naomba ulishike, maana habari yote ya haki za matangazo ni hiyo hiyo mpaka leo: anayelipa ndo anapanga, na ukitaka kujua mchezo unaelekea wapi angalia nani kaanza kulipa na nani kaacha.

Taratibu waya zikafika majumbani. HBO, chaneli ya kulipia ya Marekani, walianzisha kitengo chao cha PPV mwaka 1991 wakaanza na Evander Holyfield na Foreman, nyumba kama milioni 1.4 zikalipia. Kilele kikawa Mei 2015, Floyd Mayweather na Manny Pacquiao, nyumba milioni 4.6, kila nyumba karibu dola 100, jumla zaidi ya dola milioni 400 kwa usiku mmoja. Hela hiyo haiendi yote kwa promota, kwa kawaida kampuni za waya na madishi zilikuwa zinabaki na kama nusu kwa sababu wao ndo wenye mlango, nusu iliyobaki ndo promota na mabondia wanagawana kwa mikataba yao.

Sasa mfumo ule una ugonjwa wake na ugonjwa umekua taratibu. Wa kwanza ni kwamba hela yote inategemea majina mawili ya juu, kwahiyo chini yake promota anapanga mapambano dhaifu, anabana matumizi. Wa pili, bondia mwenye jina anaogopa kupoteza, maana akipigwa leo mauzo ya kesho yanashuka, ndo maana tulisubiri Mayweather na Pacquiao miaka mitano na zaidi mpaka wote wamezeeka. Wa tatu ni bei. UFC kwa Marekani waliingia chaneli ya michezo ya ESPN mwaka 2019 na PPV zao zikawa zinauzwa kupitia ESPN+ tu, huduma yao ya mtandaoni, yaani kwanza uwe mwanachama wa kila mwezi, alafu ulipe tena pambano, na mpaka 2024 pambano moja lilikuwa limefika dola 79.99. Mtu wa kawaida akipiga hesabu anaona bora atafute strimu ya wizi. Na kijana wa miaka 15 asiye na hizo dola anakua bila kuwajua mabingwa, akifika umri wa kulipa hana hamu.

Ndo tukafika Agosti 2025. Kampuni inayomiliki UFC, inaitwa TKO, ikatangaza dili na Paramount, kampuni ya sinema na TV ya Marekani, miaka 7, dola bilioni 7.7, kuanzia 2026. Kwa mwaka ni wastani wa dola bilioni 1.1. Ndani yake kuna matamasha makubwa 13 yale yenye namba kama UFC 300, na madogo 30 kila mwaka, na yote kwa Marekani yanaonekana kwa ada ya kawaida ya Paramount+, huduma yao ya mtandaoni, bila kulipia tena pambano. Kifurushi cha chini kabisa mwanzoni mwa 2026 kimepandishwa kikawa dola 8.99 kwa mwezi. Piga hesabu: zamani ukitaka makubwa yote 13 kwa dola 79.99 ni kama dola 1,040 kwa mwaka, sasa ni kama dola 108. Kwahiyo yule kijana wa boda hakudanganywa sana. Sio bure, ila kwa Mmarekani kindoo cha mlangoni kimeondolewa, amebaki na kodi ya mwezi.

Lakini mbona Paramount wanakubali kutoa mabilioni alafu wanauza rahisi? Hapa nitumie daladala. Daladala ya Igoma kwenda mjini inaishi kwa nauli, siku abiria wakijaa konda anacheka, siku ya mvua wanarudi na hasara, na ndo maana konda anapiga kelele kutwa nzima kuita watu. Sasa chukua ile ile gari uipe mkataba wa kubeba wanafunzi. Shule inalipa kwa muhula, viti vijae visijae hela iko pale pale. Mwenye gari analala usingizi, ila konda hana tena sababu ya kuita abiria. UFC wametoka kwenye nauli wakaingia kwenye mkataba wa shule. Na Paramount kama shule wana hesabu yao tofauti kabisa, tatizo lao kubwa ni mtu anayejiunga mwezi huu aangalie tamthilia moja alafu ajitoe. Matamasha 43 kwa mwaka maana yake karibu kila wikiendi kuna ngumi, hakuna mwezi wa kujitoa. Ongeza na matangazo ya biashara kati ya raundi na raundi.

Angalia basi kwanini ngumi za kawaida haziwezi kupata dili kama hilo. UFC ina mmiliki mmoja, mikanda yake yenyewe, wapiganaji wake wenyewe, ratiba yake. Ngumi zina mikanda minne mikubwa, WBC, WBA, IBF na WBO, mapromota wanaochukiana, na kila bondia mkubwa na mtu wake. Hakuna mtu mmoja anayeweza kukaa mezani akasema nakuuzia mwaka mzima. HBO wale wa PPV ya 1991 waliachana na ngumi mwishoni mwa 2018, wapinzani wao Showtime wakafuata mwishoni mwa 2023. Aliyebaki anauza pambano moja moja kama mtu anayeuza sato kwa kipande.

Netflix wao wamechukua vipande vya mgongoni tu. Novemba 2024 Jake Paul na Mike Tyson, Netflix wakasema watu milioni 108 waliangalia duniani, japo kwa wengi picha ilikuwa inaganda. Septemba 2025 Canelo Alvarez na Terence Crawford pale Las Vegas, zaidi ya watu milioni 41 kwa hesabu yao wenyewe, Crawford akashinda kwa pointi. Desemba 2025 Paul tena, safari hii na Anthony Joshua, Paul akazimwa raundi ya 6. Nyumba na mtu sio kitu kimoja, najua, ila weka milioni 41 karibu na zile milioni 4.6 za rekodi uone ukuta wa bei ulikuwa unazuia watu kiasi gani.

Na hapa naomba tusikimbilie kuizika PPV. DAZN, mtandao wa kustrimu michezo, waliingia soko la Marekani 2018 wakitangaza kwamba zama za PPV zimekwisha, wakamsainisha Canelo mapambano 11 kwa dola milioni 365. Miaka minne baadaye, Mei 2022, Canelo huyo huyo anapigana na Dmitry Bivol ndani ya DAZN hiyo hiyo, na mwanachama anaambiwa alipe tena pambano. Ada ya mwezi peke yake haikutosha kubeba bondia wa bei ile. Kwahiyo mimi naamini itabaki, ila kwa mapambano machache sana ya majina makubwa, na pale ambapo hakuna tajiri wa kufidia.

Tajiri wa kufidia ndo hao Waarabu waliotajwa kibandani. Saudi Arabia kupitia Turki Alalshikh, mkuu wa mamlaka yao ya burudani, wamewalipa mabondia hela ambazo mauzo ya TV yasingerudisha, na ndo wametuletea Tyson Fury na Oleksandr Usyk Mei 2024, mikanda yote minne ya uzito wa juu mezani kwa mara ya kwanza. Serikali inalipa kwa sababu zake, jina la nchi, utalii, ushawishi. Kwetu kuna faida moja ya wazi kabisa, Riyadh na Mwanza saa ni moja. Oktoba 2023 Francis Ngannou wa Cameroon alivyopanda na Fury, sisi tuliangalia usiku wa kuamkia Jumapili, imeshapita saa 6, hakuna aliyeamshwa na kengele ya simu. Raundi ya 3 ile ngumi ya kushoto ikamkuta Fury, akaenda chini, nakumbuka yule mzee fundi cherehani alisimama akashika kichwa kwa mikono miwili, hakupiga kelele, alishika tu kichwa, na benchi letu likapinduka nyuma na watu wanne. Majaji wakampa Fury kwa kugawanyika. Tulitoka nje tunabishana mpaka adhana ya alfajiri. Pambano lile Marekani lilikuwa dola 79.99, sisi buku.

Hilo linanileta kwenye swali lenyewe, sisi tuko wapi kwenye ramani hii. Haki za matangazo zinakatwa kwa maeneo kama viwanja. Dili la Paramount halitufikii huku moja kwa moja. Afrika chini ya Sahara UFC imekuwa ikionyeshwa na SuperSport ndani ya kifurushi cha DStv, hata yale makubwa yaliyokuwa PPV kwa Mmarekani. Yaani kwa king'amuzi sisi hatukuwahi kuwa na PPV ya UFC ya kufutiwa. Tulichokuwa nacho ni kifurushi cha juu ambacho mshahara wa wengi haukifikii, na kwasababu hiyo kibanda kikazaliwa: mmoja analipia, arobaini wanachanga buku. Kibanda ndo kimegeuza kodi ya mwezi kuwa kiingilio cha pambano moja, kinyume kabisa na wanachofanya Marekani sasa. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa imekamilisha kuichukua MultiChoice wenye DStv, kwahiyo vifurushi vitakavyopangwa miaka inayokuja vitapangwa na mlipaji mpya.

Na tukihamia kwenye simu, kindoo kinarudi kwa jina la bando. Picha ya kawaida inakula kama GB 1 kwa saa, picha kali kama GB 3, usiku wa mapambano ni masaa matatu hivi na zaidi. Hata strimu yenyewe ikiwa ya bure, mtandao wa simu unakulipisha mlangoni kila pambano. Ukiwa kijana wa Ukerewe au Sengerema bado unafikiria mara mbili. Ndo maana siamini kibanda kitakufa leo wala kesho. Umeme ukikatika mwenye kibanda ana jenereta, wewe na simu yako ya asilimia 12 huna.

Sasa wapiganaji, maana hapa ndo moyo wangu ulipo. Zama za PPV bingwa wa UFC alikuwa na pointi, yaani mauzo yakivuka kiwango fulani anapata dola kadhaa kwa kila nyumba iliyolipia. Ilikuwa hela ya maana, na zaidi ya hela ilikuwa ushahidi: mauzo ni haya, jina langu limeuza, nipe changu. PPV ikiondoka ule ushahidi unaondoka nao. Hela ya Paramount inaingia hata kama bingwa ni yule au huyu, kama gari la shule. Tajiri amepata usalama, mpiganaji amepoteza fimbo ya kujadiliana. Na sio kwamba hali ilikuwa nzuri, UFC walishakubali kulipa dola milioni 375 kumaliza kesi ya wapiganaji wa zamani waliodai walibanwa kwenye malipo, mahakama ikaidhinisha mwanzoni mwa 2025. Ngannou mwenyewe aliondoka UFC Januari 2023 akiwa bingwa kwa sababu ya masharti ya mkataba, baadaye akawa mwenyekiti wa PFL Africa, tawi la Afrika la ligi nyingine ya mapigano kama UFC, ambayo mwaka 2025 ilianzia Cape Town na Oktoba ikafika Kigali, hapo ng'ambo tu ya Kagera.

Mabondia wetu wanaishi hali hiyo hiyo kwa udogo. Hassan Mwakinyo Septemba 2018 aliitwa Birmingham kama mbadala wa dakika za mwisho, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya 2, na Tanzania nzima ikaiona clip kwenye Whatsapp kabla ya kuamka. TV ndo ilimpa jina. Azam TV nao wamezileta ngumi za kulipwa za hapa nyumbani sebuleni kwa watu, na mimi nasema wazi hilo limeinua mchezo, zamani bondia wa Mwanza alikuwa anajulikana mtaani kwake basi. Lakini mtu akiona pambano kwenye king'amuzi haji ukumbini, na mikataba mingi bado imeandikwa kana kwamba hela inatoka mlangoni.

Nina rafiki bondia, anafanyia mazoezi maeneo ya Pasiansi, asubuhi anabeba magunia ya dagaa na jioni anavaa glavu. Mwaka jana alipigana ulingo wa utangulizi kwenye pambano lililoonyeshwa laivu. Waliambiwa saa 2 usiku, akapanda karibu saa 5, kwa sababu ratiba ya chaneli ilisogea, mwili umeshapoa, jasho la kuzungusha kamba limekauka mgongoni. Nilipomsikiliza nikakumbuka Kinshasa. Alinionyesha mkataba kwenye simu, ukurasa mmoja uliopigwa picha juu ya meza ya chipsi, una doa la mafuta pembeni. Nikakuza maandishi kwa vidole. Hela ya pambano ipo, nauli ipo, tarehe ipo. Mstari wa mwisho kabisa unasema picha zote na haki zote za matangazo ni za promota. Hakuna muda, hakuna asilimia, hakuna neno kuhusu YouTube ambako pambano lake limewekwa na linaendelea kuangaliwa mpaka leo.

Tukakaa pale ufukweni nyuma ya Mwaloni tukaandika mstari mmoja wa kuongeza kwenye mkataba ujao, asilimia 5 ya kila hela itakayolipwa kwa kuonyesha pambano lake, popote litakapoonyeshwa, na apewe hesabu kwa maandishi. Akausoma mara tatu. "Kaka, wakikataa?" Nikamwambia waombe hata 2, ila mstari uwepo. Akautuma kwa promota Whatsapp pale pale, tiki mbili zikatokea, zikageuka bluu. Ni wiki ya tatu sasa hajajibiwa, na pambano linalofuata limeshatangazwa.